Tumegusana bampa paking ya supamaketi Reading, sasa jamaa na mkewe wanadai wameumia shingo. Nafanyaje?

MamaNajma:
Wakuu habari za wikiendi, naombeni msaada wenu hasa mlioko huku Uingereza maana siku hizi hata usingizi sipati.

Iko hivi, mwezi wa tatu mwishoni nilikuwa natoka paking ya supamaketi moja hapa Reading, narudi rivasi taratibu kabisa, mstari wa nyuma yangu naye jamaa anarudi rivasi, tukakutana katikati bampa kwa bampa. Nasema tumegusana kwa sababu ndo ilivyokuwa, hata begi langu lililokuwa siti ya mbele halikudondoka. Nikashuka nikampa pole, tukaangalia magari, langu mkwaruzo tu, lake rangi imebanduka kidogo na bampa liko palepale halijabonyea. Tukapeana majina, namba za gari na bima, mi nikapiga picha kadhaa, yeye akapanda gari akaondoka. Hakushika shingo, hakulalamika popote panauma. Jioni ileile nikawapigia bima yangu nikatoa taarifa.

Sasa juzi bima wananiandikia kuna madai mawili ya kuumia shingo, la dereva na la mke wake ambaye eti alikuwa abiria. Jamani yule mama hakuwemo ndani ya gari!! Alikuwa anarudisha toroli, alivyofika sisi tumeshashuka, na kwenye picha yangu moja anaonekana kasimama nje na toroli mkononi. Dada wa bima kwenye simu ananiambia mkiwa wote mlikuwa mnarudi rivasi mara nyingi wanagawa nusu kwa nusu, halafu madai madogo kama haya ni nafuu kuyalipa yakaisha. Yaishe kwa nani sasa? Bei ya bima itakayopanda ni yangu mimi.

Nyumbani mtu akisema kaumia kwenye ajali anaanzia polisi, anachukua PF3, daktari anaijaza. Huku naona polisi hawahusiki, mtu anajaza fomu mtandaoni basi. Je naweza kupinga au bima wakishaamua imetoka? Na ile pole niliyompa pale inaweza kunigeuka?

kijana_slough:
Pole dada, ila ushauri wangu waachie bima wamalizane nao. Hela si yako, unalipia bima kwa ajili ya mambo kama haya, ukianza kupambana utaumia roho bure. Mi mwenyewe niliachana nayo.

mzee_wa_luton:
Mama Najma mwanangu, usimsikilize kijana hapo juu, naye simlaumu maana ndivyo wengi wanavyoambiwa kwenye simu. Mimi nimefanya kazi ofisi ya madai ya bima miaka mingi hapa hapa Uingereza mpaka nastaafu, nitakueleza ninavyojua.

Kuna maswali mawili hapo na ukiyaacha yachanganywe umeshindwa. La kwanza, nani kasababisha magari kugusana. La pili, je kule kugusana kulimuumiza mtu. Wote mlikuwa mnarudi rivasi kwa hiyo nusu kwa nusu kwenye swali la kwanza si ajabu, hapo sikudanganyi. Lakini hata ukikubali hiyo nusu, bado bima yako inaruhusiwa kabisa kusema tunakubali magari yaligusana, tunakataa kwamba kuna mtu aliumia. Hilo ni jibu linalotambulika kisheria, hujavunja utaratibu wowote. Wewe kazi yako ni kuwaandikia bima, kwa maandishi si kwa simu, kwamba unapinga mambo haya: kwanza kwamba mgongano ule ungeweza kumuumiza dereva, pili kwamba yule mama alikuwemo ndani ya gari. Weka mwendo uliokuwa nao, begi halikudondoka, hakuna aliyelalamika, na picha zote.

Na fanya leo. Madai haya madogo ya shingo, yaani wiplashi, tangu 31 Mei 2021 yanapitia tovuti rasmi inaitwa Official Injury Claim, kwa England na Wales. Bima ikishapokea dai pale ina siku 30 za kazi kujibu kuhusu nani mwenye kosa, na muda ukipita bila jibu inahesabiwa imekubali kosa lote. Umeelewa hapo? Mtu wa madai ana mafaili yamejaa mezani, la kwako ni karatasi moja katikati, usipomwandikia mapema hana sababu ya kulitazama mara ya pili.

Halafu kuna kesi ya Mahakama ya Rufaa ya mwaka 2006, Casey v Cartwright, inahusu hasa migongano ya mwendo mdogo kama huu wako. Mahakama ilisema bima ikitaka kubisha kwamba mgongano ulikuwa mdogo mno kumuumiza mtu, imjulishe mdai ndani ya miezi 3 tangu ipokee barua ya madai. Itaje kwenye barua yako, waulize waziwazi kama wametoa hiyo taarifa. Wakiona mteja anaijua hiyo wanakaa sawa.

Kuhusu pole, usiogope. Sheria ya fidia ya 2006, Compensation Act kifungu cha 2, inasema kuomba radhi peke yake si kukiri kosa.

BintiTanga_Coventry:
Dada kuhusu picha tafadhali sana usizitume kwa WhatsApp!! WhatsApp inaikandamiza picha na inafuta taarifa za ndani za saa na mahali ilipopigwa. Tuma faili lenyewe kwa barua pepe au kwenye akaunti yako ya bima kama wanapokea huko, na ile original usiifute kwenye simu hata ukibadilisha simu. Hiyo picha ya mama na toroli ndo mtaji wako, saa yake ikiwa dakika moja mbili baada ya kugusana atajieleza vipi.

Pia waandikie supamaketi au kampuni inayosimamia ile paking kuhusu CCTV. Sheria ya data ya huku inakupa haki ya kuomba picha zako mwenyewe, bure, na wanatakiwa wajibu ndani ya mwezi mmoja. Tatizo rekodi nyingi zinajifuta zenyewe baada ya wiki chache na hili lako ni la mwezi wa tatu kwa hiyo usiweke matumaini yote hapo, ila omba tu, taja tarehe, saa, namba ya gari, ulipopaki na nguo ulizovaa. Waambie na bima nao waombe upande wao. Hata jibu la "hatuna tena" likiwa kwa maandishi linaonyesha ulijaribu.

Na gari lako usilipeleke kupaka rangi kwanza! Kama bima wataleta fundi mkaguzi alione lilivyo.

fizio_leeds:
Samahani naomba niingie na mimi, ni mtaalamu wa viungo, hawa watu wa shingo ndo wagonjwa wangu kila wiki. Naelewa hasira ya dada ila tusifanye kosa la kusema mgongano mdogo basi mtu hawezi kuumia. Anaweza. Maumivu ya namna hii mara nyingi hayaji palepale, yanaanza baada ya masaa au kesho yake, kwa hiyo "hakushika shingo pale paking" peke yake si ushahidi mkubwa hivyo. Na mtu anayerudi rivasi kageuza shingo anaangalia nyuma, shingo iliyogeuzwa iko kwenye hali mbaya zaidi kuliko iliyonyooka. Nimeona watu waaminifu kabisa wakaitwa waongo kwa sababu gari lao halikubonyea, inauma sana kumwona mtu anajitetea huku anashindwa kugeuza kichwa.

Kwa hiyo dada ushauri wangu, huyo dereva usimwite tapeli kwenye barua yako, huna ushahidi huo. Sema ulichoona. Mke wake ni jambo jingine kabisa, mtu aliyekuwa nje anarudisha toroli hajarushwa shingo na gari ambalo hakukaa ndani.

mzee_wa_luton:
Fizio umesema kweli na nakushukuru, hilo hata ofisini tulikuwa tunawafundisha vijana wapya. Ukianza kuita watu matapeli bila ushahidi unaharibu hata hoja zako nzuri.

Ila kwenye la huyo mama nakazia. Sheria ya Civil Liability Act ya 2018 iliyoleta viwango maalum vya fidia ya wiplashi inamhusu mtu aliyekuwa ndani ya gari. Tena kuna Criminal Justice and Courts Act ya 2015 kifungu cha 57, mahakama ikiona mdai hakuwa mwaminifu kwenye jambo la msingi la dai lake inatupa dai lote, hata ile sehemu ambayo ingekuwa ya kweli, isipokuwa kama kufanya hivyo kutamwonea sana. Mtu kusema alikuwa kwenye gari na hakuwemo, hilo ni jambo la msingi. Madai ya abiria hewa bima zote zinayajua, lakini kuna faida ukiwaonyesha wewe kwa picha kuliko kusubiri wagundue. Waambie pia waangalie rejista ya madai ya zamani ya CUE, kama hao watu wana historia ya kudai itaonekana huko. Ukiona kuna harufu ya mchezo wa kupanga unaweza kupeleka taarifa Insurance Fraud Bureau, shirika linalofuatilia utapeli wa bima, bila kutaja jina lako.

Huenda mnajiuliza hela zenyewe za fidia ni kiasi gani. 2021 walianza na pauni 240 kwa maumivu yasiyozidi miezi 3, ngazi ya juu kabisa mpaka miaka 2 ilikuwa 4,215. Ajali za kuanzia 31 Mei 2025 vimepanda kama asilimia 15, ile ngazi ya chini sasa ni pauni 275. Unaona kwa nini yule dada wa simu anasema nafuu kulipa? Kumweka mwanasheria na mkaguzi kunakula zaidi ya hapo. Lakini hata wakitaka kulipa hawaruhusiwi kumalizana na mdai wa wiplashi bila ripoti ya daktari, sheria ya 2018 imekataza. Na huyo daktari anaandika zaidi anachoambiwa na mdai, hajui habari ya begi wala toroli, ndiyo maana bima wawe na maelezo yako mapema.

kijana_slough:
Sawa mzee nimekuelewa. Ila si kwenye mkataba wa bima wanaandika wao ndo wana uamuzi wa kulipa au kutolipa? Mi ndo nilichoambiwa.

mzee_wa_luton:
Ndivyo, kijana wangu, mikataba karibu yote inawapa hiyo haki. Mteja hawezi kuilazimisha bima iende mahakamani. Lakini haki hiyo haiwapi ruhusa ya kulipa bila kuangalia ushahidi. Wakimlipa yule mama wakati picha iko kwenye faili lao na hawakuifanyia kazi, Mama Najma anaandika malalamiko rasmi kwao, wana wiki 8 za kutoa jibu la mwisho, jibu likiwa baya au wiki 8 zikipita kimya anakwenda Financial Ombudsman Service, yaani wasuluhishi wa malalamiko ya bima na benki, bure, ila asipitishe miezi 6 tangu jibu la mwisho. Msuluhishi pale hatasema nani kamgonga nani, atauliza kama bima ilitenda haki na ilichunguza ipasavyo.

MamaNajma:
Asanteni sana jamani, mzee shikamoo na Mungu akupe umri. Nimeandika barua jana usiku kwa mpangilio ule ule, maneno ya tapeli nimeyatoa yote kama fizio alivyosema, nimeeleza niliyoyaona tu. Picha nimetuma zenyewe, ile ya toroli saa yake inaonekana vizuri. Kuna kaka mmoja mfanyakazi wa pale anayekusanya matoroli alikuwa karibu, nimeenda kumuuliza, kasema anakumbuka na bima wakimpigia ataongea. Supamaketi wamejibu kamera hawana tena rekodi ya siku ile.

Leo bima wamenipigia, mtu mwingine kabisa si yule dada, kasema dai la abiria wanalipeleka kitengo cha uchunguzi, la dereva bado wanaliangalia. Kaniuliza kama niko tayari kusaini maelezo na kusimama mahakamani ikibidi nikasema niko tayari.

Swali la mwisho, yule jamaa amenitumia meseji leo anataka "tuongee kirafiki". Nimjibu?

mzee_wa_luton:
Marahaba mwanangu. Usimjibu, wala usimpigie. Piga picha hiyo meseji yote na namba na saa vionekane, wapelekee bima leo leo, waongee wao. Na bahasha yoyote ya mahakama ikija nyumbani kwako usikae nayo, una siku 14 tu za kujibu tangu upokee, ipeleke kwa bima siku hiyohiyo na ubaki na nakala.

BintiTanga_Coventry:
Na mwambie huyo kaka wa matoroli aandike alichokiona sasa hivi akiwa bado anakumbuka, asaini na tarehe. Asisubiri bima wampigie.