Mkataba wa miezi sita, nimefika wa tatu: nivunje, nimkabidhi mwenzangu au nivumilie?

Dizaina_Sakina: Wakuu, habari za jioni. Nina mkataba wa kujitegemea na kampuni moja ya utalii hapa Arusha, nawatengenezea tovuti na michoro ya Instagram. Sasa imekuja kazi nyingine ya mwaka mzima, malipo karibu mara mbili, na wanataka nianze mwezi ujao. Naona njia tatu: nitoe notisi niondoke, nimlete dizaina mwenzangu amalizie, au nivumilie hadi mwisho nikose hiyo nono. Sitaki kuharibu jina, mji wenyewe huu watu wa utalii wanajuana wote. Kesho kutwa natakiwa nitoe jibu.

Mama_Fonti: Mkataba unasemaje kuhusu kusitisha? Umeshapokea shilingi ngapi? Kazi imefika wapi? Bila hayo tunakupigia ramli tu, mdogo wangu.

Kijenge_Boy: Vunja mkuu. Andika notisi ya siku 28, ndivyo sheria inavyosema, halafu nenda kwenye hela.

Wakili_Mtarajiwa: Hapana. Siku 28 ni za mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi, zimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Huyu si mwajiriwa, ni mtoa huduma. Yeye anabanwa na karatasi aliyosaini pamoja na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Akiondoka bila kifungu kinachomruhusu, mteja anaweza kudai fidia ya hasara iliyotokana na kuondoka kwake. Asome mkataba kwanza.

Kijenge_Boy: Nani anaenda mahakamani kwa ajili ya tovuti?

Kamera_Nyakato: Mahakamani hawaendi, lakini kuna kitu kibaya zaidi. Ngoja niwaeleze yaliyonipata Mwanza mwaka 2019. Nilikuwa na kazi ya kupiga na kuhariri filamu fupi tano za shirika fulani. Baada ya ya pili nikaitwa Geita kwenye hela kubwa. Ijumaa usiku nikamtumia ofisa wao ujumbe wa sauti WhatsApp kwamba sitaendelea, nikazima simu. Jumatatu wakakataa kunilipa filamu ya pili. Mimi nikakasirika, nikakataa kuwapa picha ghafi, zile ambazo hazijahaririwa, zote ziko kwenye diski yangu. Tukavutana wiki sita. Mwisho nikawapa, nao wakalipa nusu. Nikadhani yameisha. Mwaka uliofuata nikaomba kazi sehemu nyingine kabisa, naingia kwenye usaili, aliyekaa katikati ya meza ni yule yule ofisa, amehama. Hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Na hizi picha utatupa lini?" Nikakosa la kujibu. Sikuumizwa na kuondoka kwangu, niliumizwa na ile Ijumaa usiku na ile diski. Kaka, nenda ofisini kwao mchana, kaa kitako, sema kwa mdomo wako, kisha ndiyo uandike.

Mama_Fonti: Pole sana. Picha ghafi zimegombanisha wengi.

Nyali_Tafsiri: Salaam kutoka Mombasa. Mimi ndiyo maana kazi zangu zote nazipitishia Upwork, ule mtandao wa kuunganisha wateja na watu wa kujitegemea. Mkataba ukiisha, kila upande una siku 14 za kumpa mwenzake maoni, na hakuna anayeona ya mwenziwe mpaka wote waandike au siku ziishe. Malipo ya kila hatua yanawekwa pembeni kabla hatua hiyo haijaanza. Mukimaliza hatua, munaagana salama.

Kamera_Nyakato: Dada, huko pia mteja anaandika maoni ya siri ambayo wewe huyaoni kamwe. Hakuna pa kujificha.

Nyali_Tafsiri: Hilo kweli. Lakini afadhali utaratibu kuliko maneno matupu.

Dizaina_Sakina: Samahani kwa kuchelewa. Mkataba unaruhusu upande wowote kusitisha kwa notisi ya maandishi ya siku 14. Nilipokea asilimia 40 mwanzoni. Tovuti iko nusu, na wanaitaka kabla ya Juni wageni hawajaanza kumiminika. Tena wamekuwa wakiniongezea kazi zisizo kwenye mkataba, vipeperushi, hadi kadi za sikukuu.

Wakili_Mtarajiwa: Kumbe kifungu unacho. Basi pima kazi uliyofanya dhidi ya hiyo 40. Ikipungua, rudisha tofauti bila kuombwa.

Mama_Fonti: Na hao wapya ni nani?

Dizaina_Sakina: Ni kampuni nyingine ya safari.

Mama_Fonti: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Unamwacha mtu na tovuti nusu, masika yakiisha tu msimu unaanza, halafu unakwenda kumjengea mshindani wake. Notisi ya siku 14 ni halali, ila yeye atasimulia habari nyingine kabisa. Mimi ningewaomba wapya wasubiri mwezi mmoja, nikamalize tovuti, hizo za Instagram ndizo nimkabidhi mwenzangu.

Kijenge_Boy: Wapya hawasubiri, watachukua mwingine. Na hizo kadi za bure alizochora, nani anamhesabia?

Mama_Fonti: Hizo azitaje kwa upole kwenye mazungumzo. Kwenye barua ya kuaga hazina nafasi.

Wakili_Mtarajiwa: Nje ya mada kidogo: walikukata kodi ya zuio ya asilimia 5, ile mteja anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka serikalini? Dai cheti chake kabla hujaondoka, ukishaondoka utazungushwa.

Kamera_Nyakato: Na domeini, ile anwani ya tovuti yao ya .co.tz, imesajiliwa kwa jina la nani?

Dizaina_Sakina: La kwangu. Walikuwa na haraka, nikalipia mimi.

Kamera_Nyakato: Hiyo ndiyo diski yako. Mwandikie msajili leo, jina la mmiliki liwe la kampuni, kisha ndiyo uende kuaga.

Wakili_Mtarajiwa: Napingana na wewe. Aende kwanza, ahamishe mbele yao, wasaini pamoja fomu ya makabidhiano. Akihamisha kimyakimya watauliza alikuwa anaficha nini.

Dizaina_Sakina: Bosi yupo Karatu hadi keshokutwa jioni, na wapya wanataka jibu saa nne asubuhi siku hiyo hiyo. Nimpigie simu?

Mama_Fonti: Karatu si mbali. Panda gari.