Nimekula sapu (mtihani wa marudio) ya diskriti, yaani zile hesabu za mantiki, na hasira zangu siyo za kufeli!!

Wakuu, salamu baadaye. Kufeli nishazoea. Kinachonichoma roho ni kwamba jana usiku napitia zile notsi ndo nagundua haya madude nilikuwa nayatumia kila siku kwenye kompyuta na hakuna mtu alitwambia, semista nzima!

Lekchara wetu anasoma slaidi tu. Tukafika kwenye "kama p basi q", p na q ni sentensi zozote, jedwali la ukweli linasema p ikiwa uongo basi sentensi nzima ni kweli, jamaa mmoja akauliza inakuwaje uongo uzae ukweli, akajibiwa "ndivyo ilivyo, kariri". Haya tukakariri. Kumbe ni ahadi tu jamani: nikikwambia mvua ikinyesha nitakufuata, isiponyesha, nije nisije, mimi sijakudanganya. Mistari minne, wa uongo ni mmoja tu, ule wa imenyesha na sijatokea. Hicho ndo cha kuficha??

Halafu kwenye netiweki tunahangaika na sabneti, yaani vipande vya mtandao. Anwani 192.168.1.130, maski (namba inayoonesha sehemu ipi ya anwani ni ya mtandao) 255.255.255.192, tafuta mtandao. Ile 130 ya mwisho kwa mfumo wa 0 na 1 ni 10000010, 192 ni 11000000, unazipitisha kwenye AND biti kwa biti (inatoa 1 pale tu zote mbili ni 1) inabaki 10000000 yaani 128, kwa hiyo mtandao ni 192.168.1.128. Sasa hiyo AND si ndo ileile ya jedwali la ukweli!! Mwanahisabati Claude Shannon alishaonesha tangu 1937 kwamba aljebra ya Boole, hesabu za kweli na uongo, inaingia kwenye swichi za umeme, lekchara wetu taarifa bado hazijamfikia.

Ila iliyoniua kabisa ni sheria ya De Morgan: kukanusha "A au B" ni "si A NA si B". Kwizi nilipata 9 kwa 10, nimeimba kama kasuku. Wiki hiyohiyo naandika programu, nataka imzuie mtu ambaye siyo admini wala mwalimu, nikaandika "si admini AU si mwalimu", ikafungia watu wote nje mpaka mimi mwenyewe niliyeiandika, maana nani ni admini na mwalimu kwa pamoja? Nimekesha natafuta kosa mpaka alfajiri, kumbe ilitakiwa NA. Sheria ninayo kichwani na kosa liko mbele ya macho na sikuviunganisha, mniambie hiyo elimu ni ya nini.

Na msije na "chuoni unajisomea mwenyewe". Najisomea sana, ndo maana nimeyajua haya bila yeye.

Sapu iko karibu na bado indaksheni, ile njia ya kuthibitisha kitu kwa namba zote kuanzia 1, inanitoa jasho. Mwanzo naelewa, unajaribu namba 1 inakubali. Halafu wanasema "tuchukulie ni kweli kwa k", sasa si ndo hichohicho tunachotafuta kuthibitisha?? Anayeweza anieleweshe taratibu, na atakayeniambia nikariri nam-bloku.