Waliohama Windows wakaweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani, tupeane uzoefu

Mleta mada, Morogoro

Wakuu habari za jioni. Nina laptopu ya Dell, i5 ya kizazi cha tatu, RAM 4GB, hadi diski ya kawaida ile inayozunguka. Niliinunua mtumba nikiwa mwaka wa pili chuo na ndio imenivusha mpaka nikamaliza, sa hivi anaitumia mwanangu wa darasa la sita pamoja na mama yake anayeandikia mahesabu ya vikoba. Sasa Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipati tena zile apdeti za usalama za kawaida, na Windows 11 haiingii kihalali kwenye mashine hii maana inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na ile chipu ya usalama ya TPM 2.0. Nimeipeleka kwa fundi kaniambia hiyo kauze skrepa. Iliniuma aisee. Kibodi haijang'oka batani hata moja, skrini haina doa, betri inakaa masaa mawili, halafu niiuze skrepa.

Wiki nzima nasoma kuhusu Linux Mint, ule mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, ila maelezo mengi ni ya watu wa nje ambao bando kwao sio hoja. Naomba aliyefanya mwenyewe kwa mkono wake, kwenye kompyuta ya nyumbani, atuambie ilivyokua. Na aliyeshindwa akarudi naye aseme, huyo ndio namtaka zaidi.

Mdau wa Mbeya

Mkuu usiiuze. HP yangu ni umri huo huo na inanifanyia kazi kila siku ya Mungu. Nilishusha Mint ile ya Xfce maana ndio nyepesi, faili lake linakaribia GB 3 kwaio nilingoja bando la usiku. Nikachukua flashi ya GB 8 nikaitengeneza kwa Rufus, kiprogramu cha kuandaa flashi ya kuinstolia, hiyo flashi inafutwa yote so toa vitu vyako kwanza. Nikazima mashine, nikawasha huku nabonyeza F9, kwenye Dell yako itakua F12, ikaja orodha nikachagua flashi.

Sasa hapa ndio pa kuelewa vizuri. Ukibuti kwa flashi, yani ukiiwasha mashine kutoka kwenye flashi, unafika mpaka kwenye desktopu kabisa na hadi diski yako haijaguswa hata kidogo, unafungua Firefox, unacheza video, unazunguka nayo utakavyo, ukizima ukachomoa flashi Windows yako iko vilevile. Mi nilikaa hivyo siku mbili najaribu kimoja kimoja. Sauti ipo. Kamera ipo. Nikifunga mfuniko inalala nikifungua inaamka. Waifai hamna! Kwaio tatizo langu nililijua kabla sijafuta chochote. Na dawa yake ilikua nyepesi, nilichomeka simu kwa waya wa USB nikawasha ile ya kugawa intaneti kwa USB, Mint ikaiona palepale, nikafungua Driver Manager ikanitafutia draiva ya ile kadi ya waifai, nikarestati, mpaka leo haijasumbua.

Ukipata hela kidogo weka na SSD, ile diski isiyozunguka, hata ya GB 120. Yangu ilikua inawaka kwa dakika nne hivi, sa hivi sekunde ishirini na kitu, ila niseme ukweli sio Linux peke yake, SSD imechangia sana.

Mdau wa Unguja

Mimi nataka nieleze yaliyonikuta ili yasimkute mwengine. Hadi diski yangu ilikua imegawanywa C na D, na D ndimo zilimokua picha zetu zote, harusi ya dada yangu na marehemu baba amekaa Forodhani na wajukuu zake jioni. Nikafika pale inapokuuliza uinstoli vipi, chaguo la juu linasema futa diski uinstoli Mint. Akili yangu ikaniambia Windows iko C kwahivyo itafutwa C. Sivyo ndugu zangu, ikisema diski inamaanisha diski nzima, C na D na chochote kilichomo. Tena baada ya hapo hutokea kidirisha kinachokuorodheshea partisheni, yani vile vipande vya diski, zitakazobadilishwa na kinakuuliza uendelee au urudi nyuma, mimi nikabonyeza endelea sikusoma hata mstari mmoja.

Nilipojua nilitetemeka mikono. Rafiki yangu akaniambia kwenye simu zima sasa hivi, usishushe kitu wala usiandike kitu. Akaja usiku ule, tukabuti tena kwa flashi, tukaendesha programu inaitwa PhotoRec ambayo nayo ni ya bure, tukaielekeza imwage inachokipata kwenye diski ya nje. Ilichimba toka saa mbili usiku hadi alfajiri. Picha zilirudi nyingi lakini bila majina yake, zote zimekua herufi f na tarakimu nyingi nyuma yake, zimechanganyika na vipicha vidogovidogo vya kwenye intaneti maelfu kwa maelfu. Ile ya baba nimeipata siku ya tatu. Nimekaa nimeangalia mpaka mke wangu akaja kuniuliza kuna nini. Video ya harusi haikufunguka mpaka leo.

Kwahivyo bakapu iwe kwenye diski nyengine kabisa, na ukishaihamisha fungua faili mbili tatu uhakikishe zinafunguka kweli.

Mama wa saiba, Mombasa

Hamjambo nyote, pole sana ndugu yetu wa Unguja, na Mungu amrehemu mzee. Mimi nina saiba ndogo, duka la intaneti, na nyumbani kuna kompyuta ya watoto, nikaanza na hiyo ya nyumbani. Kilichonisukuma ni virusi vya flashi. Mteja anakuja asubuhi ana haraka, anachomeka flashi, mafolda yote yamegeuka shotikati, akibonyeza moja kompyuta yangu nayo imeambukizwa, na anayechomeka wa pili anaondoka navyo. Kijana wangu anabeba flashi yake ya shule anakuja navyo nyumbani, ikawa ni mzunguko hauishi.

Sa hii flashi kama hiyo naifungua kwa Linux. Zile shotikati naziona zimekaa tu, hazina la kufanya kwa sababu zimeandikiwa Windows. Nabonyeza Ctrl na H vitu vilivyofichwa vinatokea, na mara nyingi pale juu kunakuwa na folda moja haina jina, iko wazi hivi kama mtu alisahau kuliandika, ndani yake ndio faili za mteja zote, salama. Nazihamisha, nafuta ile takataka, namrudishia. Kuna mwanafunzi wa chuo alilia hapa alipoiona projekti yake, alikuwa ashaambiwa imepotea. Baada ya hapo nikaziweka Linux kompyuta tatu za saiba pia, nimebakisha moja tu ya Windows kwa ajili ya wenye kazi za Photoshop, maana Photoshop haina toleo la Linux.

Mdau wa Dar

Nyie mmeanzia pazuri. Mi nilianza 2008 na Ubuntu 8.04, enzi hizo unajaza fomu mtandaoni wanakutumia CD bure kwa posta, huo mpango ulidumu mpaka 2011. CD yangu ilifika imekaa kwenye bahasha ndogo, nikaipokea posta kama nimepokea barua ya kuajiriwa. Na jina lenyewe Ubuntu kwetu halihitaji kamusi, ni utu tu huo, aliyeianzisha 2004 ni Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Moyo wake wa ndani, yani Linux yenyewe, aliuanza Linus Torvalds 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki akayaacha maandishi ya programu yake, zile kodi, wazi, ndio maana leo mtu yeyote anaweza kuzichukua, akazisoma, akatengeneza toleo lake bila kumlipa mtu. Tena msisahau hapahapa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 2004 kulitoka Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu zote Kiswahili. Mi nilitamani ile kazi iendelee kwa nguvu, mtoto afungue kompyuta akute lugha ya mama yake.

Kwa wenye modemu, enzi zile ilikua vita, unaandika komandi kwenye terminali unasali. Sa hivi unachomeka, unachagua nchi Tanzania, inakuletea mitandao, unachagua wako umemaliza. Terminali usiiogope ila usikopi komandi ya mtu usiyoielewa, hasa ikianza na sudo rm, hiyo inafuta faili.

Mhasibu, Dodoma

Mleta mada umesema unamtaka aliyerudi, ni mimi hapa, ingawa nimerudi nusu. Programu ya mahesabu tunayotumia ofisini ipo ya Windows tu. Nilijaribu kuiendesha kwa Wine, kile cha kuendeshea programu za Windows ndani ya Linux, ikawaka vizuri, ila kila nikitaka kuchapa ripoti inajifunga, na mwisho wa mwezi huwezi kumwambia bosi subiri nipo jukwaani nauliza. Kwaio nimeweka zote mbili kwenye laptopu moja, ikiwaka inaniuliza niingie wapi.

Wanaotaka kufanya hivyo mambo mawili yatawasumbua. La kwanza saa. Ukitoka Linux ukaingia Windows unakuta saa imerudi nyuma masaa matatu, mi nilidhani betri ya ubaoni imekufa nikataka kununua nyingine. Kumbe Linux inaiwekea mashine saa ya dunia, UTC, na Windows inaisoma ileile kama ndio saa ya hapa kwetu, na sisi tupo mbele masaa matatu. Unamaliza kwa komandi moja upande wa Linux, timedatectl set-local-rtc 1, basi. La pili, upande wa Windows zima ile Fast Startup, ukiiacha Windows haizimi kabisa inajilaza tu, na Linux inagoma kuandika kwenye partisheni zake. Na kama diski imefungwa na BitLocker, lile kufuli la Windows la diski, andika ile rikavari kii kwenye karatasi kabla hujagusa partisheni yoyote.

Mwalimu, Singida

Mimi nafundisha baiolojia sekondari, mitihani yote natungia nyumbani kwa LibreOffice, ile ya bure inayofanya kazi za Word, mwaka wa tatu huu. Shida niliyoipata ni moja. Mtihani wa kidato cha pili niliuandaa nyumbani nikauhifadhi kwa docx, nimefika shule kuuchapa kwenye Word ule mchoro wa moyo umehama, umeenda ukurasa wa pili ukakaa juu ya swali la saba, na vile vishale vya kuonyesha aota na ventriko vimebaki ukurasa wa kwanza vinaonyesha hewa. Kengele imebaki dakika kumi na tano. Nililia kwa kweli.

Nilijifunza vitu viwili. Mchoro na vishale vyake viunganishe viwe picha moja, halafu bonyeza kulia uifunge kama herufi, inakua sehemu ya mstari haihami tena. Pili, kitu cha kuchapwa peleka PDF, LibreOffice ina batani yake pale juu. Docx mpe tu mtu anayetakiwa kurekebisha. Tangu hapo hakuna mchoro ulionihama.

Mleta mada, Morogoro

Aisee asanteni sana, dada mwalimu na mama wa Mombasa mmenifungua macho, na kaka wa Unguja nimekusoma mara mbili. Swali moja, apdeti zake zinakula bando kiasi gani? Ile Windows ilikua inaanza kujishushia yenyewe bando linaisha sijafungua kitu.

Mdau wa Mbeya

Mara ya kwanza ndio nzito mkuu, jiandae GB moja au na zaidi, kafanyie sehemu yenye waifai. Baada ya hapo inakuonyesha kialama tu pale chini kwamba kuna apdeti, unafungua unaona kila moja ina ukubwa gani, unabonyeza utakapotaka. Za usalama usiziruke.

Na washa Timeshift kabla ya yote. Apdeti ikiharibu kitu unarudisha mfumo ulivyokua jana. Ila Timeshift inatunza mfumo, picha zako haizitunzi.

Mleta mada, Morogoro

Wakuu mrejesho. Nimefanya jumamosi. Ijumaa usiku tulihamisha kila kitu kwenye diski ya nje niliyoazima kwa shemeji, nikafungua picha kumi na daftari la vikoba nikaona zinafunguka. Asubuhi nikabuti kwa flashi tukakaa nayo mpaka mchana, kila kitu kimeitika hata waifai. Pale pa kufuta diski nilimwita mwanangu asome kidirisha kwa sauti mstari kwa mstari, na mimi nikasoma tena, ndio nikabonyeza.

RAM inakula kama MB 700 ikiwa imetulia. Feni haipigi kelele tena, mke wangu ameuliza kama imezima. Faili la vikoba lilikua la Eksel limefunguka na fomula zake zote, jumla zinafanana na daftari la mkono. Mtoto nimemwekea Tux Paint ya kuchorea na GCompris ya michezo ya kujifunzia, amechora nyumba yetu na mwembe wa jirani.

Bado printa, sijaigusa. Naiazima kesho nitarudi kuwaambia.