Kutembea labirinthi: je, naweza kuiita sala?

Mwanakwaya wa Ughaibuni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Mimi ni Mlutheri niliyelelewa Kilimanjaro na kwa sasa naishi California. Wakati wa Kwaresima kikundi chetu cha sala kilikwenda Grace Cathedral, kanisa kuu la Waepiskopali mjini San Francisco, ambako sakafuni kuna labirinthi iliyochorwa kwa kuiga ile ya Chartres, Ufaransa. Kwa ambao hawajaiona, haina njia panda wala mahali palipozibwa; ni njia moja tu iliyokunjwakunjwa ndani ya duara, ambayo humfikisha kila mtu katikati na kumrudisha mlangoni kwa njia ileile.

Muda mfupi baada ya kuingia nilijikuta hatua chache tu kutoka katikati, nikadhani nimefika, lakini njia ikageuka na kunipeleka hadi ukingoni, ambako nilikutana na bibi mmoja aliyekuwa anatoka, tukageuza mabega ili tupishane. Nilikuwa sijakosea popote, na bado nilikuwa mbali. Hapo nikaikumbuka miaka ambayo niliomba nikaona kimya, nikajihukumu kwamba lazima kuna dhambi niliyoificha. Nililia nikitembea.

Kaka yangu, ambaye ni mwinjilisti, anasema kwamba huo ni upagani uliovikwa kanzu. Naomba mawazo yenu: je, hiyo ni sala?

Mseminari

Tumsifu Yesu Kristo. Dada, kaka yako ana sehemu ya ukweli, kwa kuwa mchoro wenyewe ni wa kale kuliko Kanisa, na Wagiriki waliuhusisha na hadithi ya shujaa Theseus aliyeingia labirinthini kisiwani Krete na kumuua Minotauro, zimwi lililokaa humo. Hata hivyo Wakristo waliuchukua mapema, tena hapahapa Afrika: katika basilika iliyoanza kujengwa mwaka 324 mahali panapoitwa leo Chlef, nchini Algeria, kulikuwa na labirinthi ya mozaiki ambayo katikati yake herufi zimepangwa kusomeka «Kanisa Takatifu» kwa Kilatini kutoka pande mbalimbali. Ile ya Chartres ni ya mwanzoni mwa karne ya 13, ina upana wa karibu mita 13, na njia yake inazidi mita 260. Katika karne za kati wasomaji wa Kikristo walimwona Theseus kuwa mfano wa Kristo aliyeshuka kuzimu, akaishinda mauti na kutoka.

Ila tusiitetee kwa uzee usio wake. Husemwa mara nyingi kwamba mahujaji walioshindwa kwenda Yerusalemu waliitembea kwa magoti badala ya safari hiyo, lakini hakuna maandishi ya karne za kati yanayothibitisha jambo hilo. Tunachojua kwa hakika kinashangaza zaidi: katika kanisa kuu la Auxerre, Ufaransa, makasisi walicheza ngoma juu ya labirinthi siku ya Pasaka huku wakirushiana mpira, mpaka jambo hilo likapigwa marufuku mwaka 1538. Namna hii ya kutembea kimyakimya imeenea hasa tangu miaka ya 1990, na aliyeivumisha ni kasisi Lauren Artress wa hapohapo Grace Cathedral.

Mzee wa Kanisa

Naheshimu machozi ya binti yetu, lakini naomba nitofautiane kidogo. Njia ya Msalaba ina vituo, na kila kituo kina tukio la mateso ya Bwana, hata anayesinzia anajua yupo wapi. Labirinthi haina neno hata moja. Asiyeamini anaweza kuitembea ili atulize mawazo, na huitembea kwelikweli, akatoka ameridhika bila kulitaja jina la Yesu. Sasa binti, uliporudi kutoka ukingoni hadi katikati, ulimkuta nani?

Mwanakwaya wa Ughaibuni

Shikamoo mzee, swali lako ni la haki. Kabla ya kuingia tulisoma Isaya 30:21, «Njia ni hii, ifuateni, mgeukapo kwenda mkono wa kulia, na mgeukapo kwenda mkono wa kushoto», nami nililirudia neno hilo kila kona. Nilipofika katikati sikuona maono yoyote. Nilisimama nikasema Baba Yetu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sikuwa na haraka ya kufika «utuokoe na yule mwovu».

Mzee wa Kanisa

Basi Neno lilikuwepo, nami pingamizi langu limepungua. Lakini wekeni sharti kwamba asiingie mtu bila andiko.

Mama Mchungaji

Nakubaliana na sharti la mzee, na ningeongeza kwamba mchoro wenyewe hauna nguvu yoyote. Anayewaambia watu kwamba katikati pana nguvu ya pekee, kaka yako na amkemee mtu huyo kwa sauti kubwa. Faida ninayoiona mimi ni kwamba mwili unashurutishwa kupunguza mwendo, na sisi tuliozoea sala za kupaza sauti hatujui kunyamaza mbele za Mungu hata dakika tano.

Mkitaka kuitumia kwenye mafungo ya vijana, hahitajiki fundi wa marumaru. Chokaa ileile inayochorea uwanja wa mpira inatosha, mradi mpime kwa kamba iliyofungwa kwenye kigingi cha katikati, na njia iwe na upana wa kuwawezesha watu wawili kupishana bila kukanyaga mstari. Ile yenye mizunguko saba huchorwa kwa urahisi kuliko ya Chartres yenye mizunguko 11. Wazee wenye magoti mabovu msiwaache nje: kwenye ukumbi wa mbele wa kanisa kuu la Lucca, Italia, kuna labirinthi ndogo iliyochongwa ukutani, ambayo mtu huifuata kwa kidole. Ichoreni kwenye ubao, mpake gundi kwenye mistari na kunyunyizia mchanga, ili hata asiyeona vizuri aweze kuipapasa akiwa amekaa kwenye benchi.