Sampla ndogo bila kompyuta: naweza kumaliza wimbo mzima humo humo? Niko Mombasa

MdundoMvita

Salaam aleikum wakuu. Mimi natengeneza biti, zaidi chakacha iliyochanganywa na hip hop, na kuna dada mmoja wa Majengo ndiye muimbaji wangu. Laptopu imekufa madabodi, na bei aliyonitajia fundi ni afadhali nitafute nyingine. Nikakaa nikajiuliza, kwani lazima kompyuta? Kazini nakodolea skrini kutwa, nikirudi nyumbani nikodolee nyingine? Nataka kitu cha kubonyeza kwa vidole, tena cha betri, maana huku Kisauni stima ikishakatika haisemi inarudi lini.

Binamu yangu ni baharia, na amekubali kuniletea kutoka Ulaya. Nimebaki na sampla mbili kichwani, yaani mashine za kunasa sauti na kuzipiga kwa vitufe vyake, padi: Roland SP-404MKII na Teenage Engineering EP-133. Zilipotoka, ya kwanza ilikuwa dola 499 na ya pili 299. Kwangu mimi tofauti hiyo ni kodi ya nyumba.

Naomba ushauri kwa aliyezishika, si aliyeziona YouTube. Naweza kuanza na kumaliza wimbo humo, pamoja na sauti ya kuimba? Mdundo wa chakacha utakubali, au hizi zinajua nne kwa nne peke yake? Na kuna santuri za taarab alizoacha babu, naweza kuzikata vipande?

KakaKongowea

Nunua laptopu ya mtumba umalize maneno. Hela ya hiyo sampla unapata laptopu na chenji ya biriani.

MdundoMvita

@KakaKongowea, laptopu nimeshasema siitaki. Ungesoma kwanza ndugu yangu.

FundiSpika

Nimefanya kazi na zote mbili, kwa hiyo nisikilize vizuri.

EP-133 ni nyepesi, inaingia kwenye mkoba wa kawaida, na ina maiki na spika ndani yake. Inakula betri nne ndogo za AAA au USB-C. Unaweza kukaa Mama Ngina jioni ukanasa kelele za watoto na ukaondoka na biti. Kwa raha haina mpinzani. Lakini tazama kumbukumbu: ile ya kwanza ilitoka na megabaiti 64. Ukipiga hesabu, ni kama dakika 11 za sauti ya mono kwa mashine nzima, ukienda stereo unabaki na nusu. Na kipande kimoja hakizidi sekunde 20. Sasa chukua biti ya mapigo 90 kwa dakika. Baa nane, kila moja mapigo manne, ni sekunde 21 na ushei. Yaani huyo dada yako hajamaliza hata nusu ya ubeti, mashine imeshamkata ulimi. Wapo wanaoimba mstari mmoja mmoja na kuupa kila mmoja padi yake. Inawezekana, ila kwa sauti ya taarab yenye kuvuta pumzi ndefu utamchosha mwenzio bure.

SP-404MKII ndani ina gigabaiti 16, na kipande kimoja kinaweza kufika dakika 16. Kila projekti ina nafasi 160 za sauti, na projekti ziko 16. Ina tundu la kadi ya SD, kwa hiyo faili zinaingia na kutoka bila kompyuta yoyote. Kwa swali lako hasa, hapo ndipo dola 200 zilipokwenda. Ubaya wake: haina spika, haina maiki ya ndani, na inameza betri sita za AA kwa pupa. Wengi tunaiendesha kwa pawabenki ya USB-C, lakini iwe nzuri. Pawabenki ya bei ya njiani itakuzimia katikati ya kazi.

Namna ya kumalizia wimbo ni hii. Unajenga midundo yako kwa patani, yaani vipande vinavyojirudia, kisha unaicheza yote kwa mkono kuanzia mwanzo mpaka mwisho huku mashine inajirekodi yenyewe kwenye padi moja. Humo ndimo unapoingiza na kutoa vitu: hapa ngoma ya msondo inanyamaza, pale efekti inaingia. Ukikosea unaanza tena. Wimbo unatoka na pumzi ya mtu, kwa sababu hakuna aliyeburuta visanduku kwa kipanya.

MpwaniUghaibuni

Na kama pesa inabana, kuna PO-33 ya hao hao Teenage Engineering. Ukubwa wa kikokotoo, betri mbili za AAA, maiki ndani. Ila kumbukumbu yote ni sekunde 40 tu, na sauti inatoka chafu chafu. Kwa hip hop uchafu huo ni mali. Zamani SP-1200 ya E-mu ya mwaka 1987 ilikuwa na sekunde 10 tu na watu wakatoa albamu nzima nzima.

FundiSpika

@MpwaniUghaibuni, kweli, lakini hao walikuwa na studio ya mtu mwingine ya kurekodia sauti za kuimba. Tusimdanganye kijana.

MzeeWaMsondo

Kijana, hofu ya nne kwa nne iondoe. Chakacha ni sita kwa nane, yaani mapigo madogo sita kwa baa, na huhitaji kutafuta mashine iliyoandikwa hivyo. Iache kwenye nne kwa nne yake, kisha weka gridi ya tripleti, kila pigo ligawanyike mara tatu. Nne mara tatu ni kumi na mbili, basi ndani ya baa moja ya mashine unapata baa mbili za chakacha. Metronomu ikigonga mara moja, wewe moyoni hesabu tatu.

Halafu usinyooshe kila kitu. Msondo unaweza kuukalisha kwenye gridi, huo ndio mhimili. Ngoma ya chapuo izimie kabisa kwantaizi, ule usawazishaji wa mapigo wa mashine, uipige kwa vidole viwili, na ikichelewa kidogo iache ichelewe. Chapuo iliyonyooshwa inakuwa kama saa ya ukutani, hakuna kiuno kitakachoisikiliza. Vumi nayo usiikate fupi, mlio wake uachwe umalizike wenyewe.

Ukirekodi kayamba usiisogeze kwenye maiki, inapasua sauti. Rudi hatua moja, tikisa kwa utaratibu. Kisha ingia kwenye kipande na usogeze mwanzo wake hadi pale mbegu za kwanza zinapogonga mabua. Ukibakisha kimya hata kidogo hapo mbele, kila ukibonyeza itatoka imechelewa, na utalaumu mkono wako.

MdundoMvita

Mzee shikamoo. Hilo la kumi na mbili limenifungua macho, nilikuwa nalazimisha kila kitu kwenye gridi ya kumi na sita na chakacha inatoka kama rege iliyolewa. 😂

MzeeWaMsondo

Marahaba. Rege haina kosa.

WakiliMstaafu

Nijibu la santuri, maana naona mmelipita. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Rekodi yenyewe inalindwa miaka 50 tangu ilipotengenezwa. Kwa hiyo santuri iliyorekodiwa 1970, muda wa rekodi umekwisha, lakini wimbo uliomo ndani bado una wenyewe. Marehemu Zein l'Abdin, mpiga udi na muimbaji wa taarab, alifariki 2016, basi alichotunga yeye kinalindwa hadi mwisho wa 2066. Tena kwenye taarab mara nyingi shairi ni la mtu mwingine kabisa, sio la muimbaji, kwa hiyo wa kuombwa ruhusa wanakuwa zaidi ya mmoja.

Na yale maneno ya mtaani kwamba sekunde tatu ni halali, hayamo kwenye sheria. Kufanya mazoezi chumbani kwako hakuna atakayekusumbua. Ukitaka kuuza au kuweka mtandaoni, tafuta familia. Mombasa si kubwa kiasi hicho, ukiuliza Mji wa Kale utaelekezwa mpaka mlangoni.

BiSalma

Au muite mpiga udi akupigie. Mwanangu, wapiga udi na dumbak tunao hapa hapa, mlipe nusu siku, nasa vipande anavyopiga, mwandikiane karatasi kwamba unaitumia. Sauti safi, na kesi huna.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyelisema. Adhana na kisomo usivitie kwenye biti. Najua ukitembea na kinasa sauti alfajiri huku kwetu utavutiwa, lakini liache. Honi ya feri ya Likoni, makanga, wauza kahawa wakigonga vikombe, hivyo chukua utakavyo.

Kuhusu muimbaji wako, mimi naimba miaka mingi na nasema msimlazimishe kuimba ndani ya mashine. Toa biti kwenye kadi, itie kwenye simu, fungua programu ya kurekodi sauti kadhaa moja juu ya nyingine kama BandLab, aimbe juu yake mara tatu nne, mchague iliyo bora. Ila avae hedifoni ya waya. Zile za bluetooth sauti inafika imechelewa, ataimba nyuma ya mdundo na mtagombana bila sababu.

KakaKongowea

Kwa hiyo simu si kompyuta? 😂😂

BiSalma

@KakaKongowea, simu anayo tayari. Laptopu unamnunulia wewe?

FundiSpika

Bi Salma amemaliza. Kama unataka sauti ibaki ndani ya SP, tundu la maiki lipo mbele, na maiki ya kawaida ya dainamiki, ile ya harusini, inatosha. Waya uwe na jeki kubwa ya robo inchi. Maiki za kondensa zinazotaka umeme wa volti 48 hazitafanya kazi humo moja kwa moja.

Na kwa vile ni Pwani: usiache betri ndani ukiiweka kabatini. Hewa ya chumvi na unyevu wa huku zinakula springi za betri, unakuta zimegeuka kijani. Vile vipakti vya silika vinavyokuja na viatu vipya usivitupe, tia kwenye mfuko wa mashine.

MdundoMvita

Nawashukuru sana. Nimeamua SP-404MKII, hiyo tofauti ya dola 200 nitaifanyia mpango na ada ya chama mwezi ujao. Biti humo, sauti kwenye simu. Santuri za babu nitafanyia mazoezi tu, na kuna jirani anapiga udi, nitamuendea na karatasi.

Moja la mwisho: binamu anauliza anunue na nini hapo hapo, asije akafika Kilindini mkono mtupu.

FundiSpika

Kadi ya SD ya gigabaiti 32, sio ile ndogo ya simu bila adapta yake, na aiformati kwenye mashine yenyewe. Waya wa USB-C wenye kubeba data, maana nyingi ni za kuchajia tu. Adapta ya umeme asihangaike nayo, chaja nzuri ya simu ya pini tatu unaipata hapa. Na afungue boksi dukani, abonyeze padi zote 16 moja moja kabla hajalipa.