Jellico na zamu ya nne: nilikosea wapi na msaidizi wangu?

ZamuYaUsiku

Wakuu, habari za jioni. Nivumilieni, naanzia kwenye tamthilia kabla sijafika kazini.

Wale wa Star Trek: The Next Generation, ile ya meli ya anga Enterprise, mnazikumbuka zile sehemu mbili za Desemba 1992, kapteni Picard anapotolewa melini kwenda kazi ya siri na meli anakabidhiwa Kapteni Edward Jellico? Mimi nilizipata kwenye flashi ya kaka yangu. Wakati huo nilikuwa opereta tu, na huyo Jellico nilimchukia vibaya sana. Kiti hakijapata joto, anamwambia Riker, naibu wa kapteni, zamu zisiwe tatu tena, ziwe nne. Riker anaongea na wakuu wa idara, wanamwambia itavuruga watu, basi anasita. Jellico akigundua hakijafanyika kitu anakuwa mkali. Linafuata tangi la samaki la Picard, linatolewa ofisini. Troi, mshauri wa meli, anaambiwa avae sare kama wenzake. Theluthi ya mafundi wa Geordi, mkuu wa injini, wanahamishiwa ulinzi, na Geordi huyohuyo anatakiwa apange upya mitambo ndani ya siku mbili! Mwishowe Riker anavuliwa unaibu, anapewa ofisa mwingine, Data.

Sasa njooni kwangu. Mwezi wa tatu nilipandishwa kuwa mkuu wa uzalishaji kwenye kiwanda kimoja, sikitaji, tunatengeneza chupa na ndoo za plastiki. Tulikuwa na zamu mbili za saa 12, saa 1 hadi saa 1. Nimezifanya miaka sita. Najua saa 10 alfajiri mtu anavyosinzia mbele ya mashine ya kupuliza chupa na mkono uko jirani na moldi, ile kalibu ya chupa. Nikasema hapa mimi ndiye mkombozi: zamu tatu za saa 8. Nikabandika karatasi ubaoni Ijumaa, Jumatatu tunaanza.

Msaidizi wangu ni mzee mwenye miaka 19 pale, ndiye aliyenifundisha kubadilisha moldi. Akaniita pembeni. "Mdogo wangu, nipe wiki moja niongee na watu." Nikamjibu, na jibu hili linanirudia nikilala: "Mzee, hili nimeshaliamua." Akasema "sawa." Ile sawa ningeisikiliza vizuri ningejua.

Jumatatu zamu ya pili ikatoka saa 5 usiku. Daladala hakuna. Watu 14 walilala stoo juu ya maboksi. Jumanne walikuja tisa.

Mzee hajagoma wala hajanuna. Salamu anaitikia, kazi anafanya. Ila hashauri tena. Juzi mashine namba 3 inatoa chupa zenye shingo iliyopinda, akapita, akaokota moja, akaitazama, akairudisha, akaenda zake.

Swali: Jellico alikuwa sahihi? Maana mpango wake ulifaulu: Wakardassia, wale maadui waliomteka Picard, walibanwa mpaka wakamrudisha. Au kufaulu kwake ndiko kunakotudanganya sisi wengine?

---

Chumvi_Kidogo

Mkuu, wewe angalau hukujificha. Bosi wangu ni Michael Scott mtupu, yule wa The Office ya Marekani. Kuna siku anaambiwa achague bima ya afya ya bei nafuu. Anaona watu watamchukia, anamsukumia Jim, mfanyakazi wake. Jim anakataa, anamtupia mwenzake Dwight, na Dwight anafyeka kila kitu kwa raha zake. Michael kajifungia ofisini, huku kawaahidi watu zawadi ya kushtukiza jioni. Jioni imefika, wamesimama wanamtazama, hana kitu mkononi.

Kwetu zawadi ya kushtukiza ilikuwa soda. Moja kwa watu wawili.

---

DadaWaMishahara

Kaka, mimi niko upande wa rasilimali watu, na haya ya vyombo vya anga sikuwa nayajua. Jana nimekaa na mume wangu tukaangalia sehemu zote mbili, chakula kikaungua.

Nikuulize: ile karatasi yako ya ubaoni iligusa fedha popote? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 9 za kawaida kwa siku, zinazozidi hapo ni ovataimu, mara moja na nusu. Kwenye saa zako 12, toa moja ya mapumziko, kila mtu alikuwa na ovataimu ya saa mbili kwa siku. Wewe umeifuta kwa karatasi moja. Bado posho ya usiku, asilimia 5 kwa kila saa kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Zamu yenu ya zamani ya usiku ilikuwa na saa 10 za namna hiyo. Sasa ya tatu ina 7 na ya pili ina 3. Wewe uliona usingizi, wao wakaona ada ya shule. Wote mlikuwa mnaona vizuri.

Na Riker nisimwache. Alipewa amri, akazunguka idara zote, halafu akangoja mpaka aulizwe ndipo aseme haijatekelezwa. Msaidizi wako alikuja mwenyewe, mapema, na neno la wiki moja tu. Usimfananishe na Riker, unamwonea.

---

Baharia_Mstaafu

Vijana, nimekula chumvi ya injini rumu miaka mingi. Kwenye meli zamu ndiyo maisha. Tulikuwa tunafanya saa 4 kazini, saa 8 nje, makundi matatu. Yule wa saa 6 usiku mpaka saa 10 alfajiri ana dunia yake, hata chakula chake kina saa yake. Ukigusa hiyo umegusa mtu alipo, si ratiba. Kwa hiyo nawaelewa wakuu wa idara wa Enterprise.

Lakini Jellico mnamwonea. Aliletwa siku chache kabla ya vita, mpakani, kwa watu asiowajua. Picard alikuwa na nafasi ya kuwaita wote mezani, kila mtu aseme lake, ndipo akate. Kapteni wa dharura hana meza hiyo. Nimefanya kazi chini ya mmoja wa aina yake tukiwa na hitilafu na bahari imechafuka. Simpendi mpaka leo, na niko hai.

Tatizo lako, mdogo wangu, ni kwamba kiwandani kwako hapakuwa na vita. Ulikuwa na Ijumaa na Jumatatu.

Ila kuna kitu Jellico alifanya ambacho hukukitaja. Alipohitaji rubani wa kwenda kutega mabomu kwenye lile wingu la anga walimojificha Wakardassia, na rubani bora akawa Riker aliyemfukuza, alienda mwenyewe chumbani kwa Riker. Hakumtuma Data, hakumwita ofisini. Akasema tuviweke vyeo kando, akamwambia wazi hampendi. Riker naye akamrudishia yake yote, na hakukubali hadi Jellico alipomwomba kwa kinywa chake. Hawakupatana. Kazi ikafanyika.

Nenda kwa mzee wako. Kwake nyumbani, si ofisini. Na usibebe soda.

---

ZamuYaUsiku

Shikamoo mzee Baharia. Nimeenda Jumapili, baada ya ibada. Nilibeba mkate na sukari, sikuweza kwenda mikono mitupu.

Nilimwambia nilikosea kumkatiza, basi, sikuzunguka. Alinyamaza muda mrefu, akamtuma mjukuu alete daftari. Kumbe tangu ile Ijumaa ameandika kila mtu anashukia kituo gani na gari la mwisho linapita saa ngapi. Anasema tusogeze tu saa moja nyuma: tuanze saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku. Saa 4 magari yapo, isipokuwa kwa watu watatu, na hao amewapanga asubuhi. Wiki nzima lile daftari lilikuwa kwake, mimi nakuna kichwa.

Tuliongea na mashine namba 3. Njia ya maji ya kupoozea imeziba upande mmoja, ndiyo maana shingo inapinda. Nikamuuliza mbona hukuniambia siku ile. Akacheka kidogo: "Nilidhani hilo nalo umeshaliamua."

Yale ya kuniita mwonevu, Dada, nimeyapokea. Suala la ovataimu bado liko kwa meneja, kasema tukutane Jumatano. Kwa saa hizi mpya naona zamu ya tatu yote 8 inaangukia kwenye posho, na ya pili zinabaki 2, au nimekosea? Nipangie hiyo hesabu kwa mtu mmoja kwa mwezi, zamani na sasa, nikaingie nayo. Mzee kasema na yeye anakuja.