Tupeane uzoefu: kurudi kwenye mazoezi baada ya upasuaji wa mgongo

Habari zenu, ndugu zangu. Naomba waliopasuliwa mgongo sehemu ya kiunoni waeleze walivyorudi kwenye mazoezi, na kila mmoja ataje kwanza aina ya upasuaji, kwa sababu aliyeondolewa kipande cha diski (mto laini ulio kati ya pingili, yaani mifupa ya uti wa mgongo) kilichobana mshipa wa fahamu hawezi kufuata ratiba ya aliyeunganishwa pingili kwa skrubu, ambaye mfupa wake huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi, kushikana sawasawa. Mimi ni wa diski. Nilianza kwa kutembea mahali tambarare, mwendo mfupi mara kadhaa kwa siku, huku nikikatazwa kuinama, kujipinda na kunyanyua mizigo. Hata kuamka nilifundishwa upya: unageuka ubavu, mabega na nyonga vikienda pamoja, kisha unashusha miguu huku mkono ukisukuma godoro. Ndivyo ninavyoamka hadi leo.

— Pole sana, dada. Mimi ni wa skrubu, na kwetu sisi subira ndiyo mazoezi yenyewe. Anayevuta sigara aiache kabisa, maana huchelewesha mfupa kuunga. Mtaalamu wa fiziotherapia aliponiruhusu kuimarisha misuli ya tumbo na mgongo, alinipigisha magoti, viganja vikiwa sakafuni, akanilaza fimbo juu ya mgongo na kunitaka ninyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila fimbo kuanguka. Zoezi hilo linaonekana dogo, lakini nalithamini kuliko vyuma vyote vya kunyanyua, ambavyo nilivirudia mwisho kabisa. Alinifundisha pia kusikiliza maumivu yanakokwenda: uchovu wa misuli unaobaki mgongoni na kupungua kesho yake si wa kuogopesha, ila maumivu au ganzi inayoshuka mguuni ni sababu ya kusimamisha zoezi na kumweleza daktari.

— Nashukuru kwa mada hii. Kuogelea kulinifaa sana, ingawa nilisubiri kidonda kifunge kabisa na daktari aridhie. Naomba tusiache kuwaambia wenzetu wapya kwamba ukishindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, ukipata ganzi sehemu za siri na makalioni, au mguu ukilegea ghafla, usingoje siku ya miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.